Rufaa Namba Kumi na Saba

Siku ya rufaa tunakaa chumba cha nyuma,
kile chenye feni inayozunguka ikijisikia:
wajumbe watano, mthamini mmoja, chupa mbili za chai,
na mimi karani, mwenye kalamu, nisiye na kura.

Wa kwanza, Mzee Eliasifiwe wa Kiusa,
kaja kulalamika kwamba ametozwa kidogo.
"Mabati ya ndugu yangu ni migongo mipana kama yangu,
choo chake kiko nje, changu kiko ndani,
halafu yeye milioni arobaini, mimi thelathini na mbili?
Sura yangu nitaiweka wapi?"
Mwenyekiti akavua miwani, akaivaa tena.
Sheria haina kifungu cha mtu huyu.
Tukampa chai.

Wa tisa alileta mawe mfukoni, akayapanga mezani,
tuone barabara yake ilivyo wakati wa masika.
Wa kumi na mbili alikuja na binti amsomee barua;
binti akasoma yote, hata deni la mwaka juzi
ambalo mama hakukusudia lisomwe.

Kisha Ndeshukurwa Lyatuu, mjane, wa Njoro.
Daftari linasema: nyumba ya makazi, matofali ya saruji,
ghorofa moja juu, milioni tisini na sita.
"Ghorofa gani?" akauliza taratibu,
kama aliyeambiwa ana mtoto mwingine mahali.

Bwana Kisaka, mthamini, akageuza picha:
nguzo hizi hapa, ngazi hii inapanda.
"Inapanda, mwanangu," mama akasema,
"lakini haifiki."

Tukaenda kutazama, wote, nyuma ya pikapu ya manispaa.
Vipandio kumi na vinne, kisha mbingu.
Nondo zina kutu, nyingine zimevishwa chupa za maji
zisimchome mtu jicho;
waya umefungwa nguzo hadi nguzo,
sketi ya shule inadondosha matone kwenye zege.

Na katika zege, kwa msumari, lilipokuwa bado bichi,
marehemu alikuwa ameandika:
*sebule.* Hatua nne mbele, *chumba cha Manka.*
*Wageni.* Karibu na ukingo, *jiko,* na mshale,
*dirisha litazame migomba.*
Diwani Mushi alikuwa amesimama jikoni.
Akatazama chini, akasogea pembeni
kama mtu aliyeingia bila hodi.

Hakuna aliyeuliza swali tena.
Kisaka alipima kwa futi kamba, sijui alipima nini.

Tuliporudi, uamuzi haukuchukua hata kikombe kimoja:
rufaa imekubaliwa, thamani ishuke,
milioni hamsini na nne.
Mama alishukuru, kwa Kichaga kwanza, kisha kwa Kiswahili,
akashika kalamu yangu, akainama kusaini,
akasita.

"Hapa mmeandika *haipo*?"
"Haipo, mama," akasema mwenyekiti. "Ndiyo nafuu yako."
"Najua haipo. Nafua nguo mle kila Jumamosi,
nani ajue kunishinda?
Lakini msiandike haipo."

Kisaka akaeleza, kwa adabu, kwamba fomu ina visanduku viwili,
*ipo* na *haipo,* na cha tatu hakijachapwa.
Feni ikasimama. Umeme, au uchovu wake tu.
Wakanigeukia mimi, watu watano wenye kura.

Nikakata alama ya vema. Pembeni ya visanduku,
kwa herufi ndogo, karibu na tundu la faili,
nikaandika: *bado.*

Akalisoma akilifuata kwa kidole.
Akasaini jina lote, la ubatizo na la mume,
likavuka mstari.

Mlinzi akamwita wa kumi na nane.
Mkaguzi wa hesabu akija mwezi wa saba
ataniuliza neno hilo ni la kifungu gani.